Marehemu Watarajiwa

Jumatatu, tarehe 4

Nimeuza kompyuta. Mnunuzi ni Fundi Cherehani, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Kwa miaka thelathini na moja hatujakubaliana hata kama mvua imenyesha au haijanyesha. Leo tumekubaliana kabla chai haijapoa. Nimeshangaa. Naye ameshangaa.

Sababu yangu ni macho. Nahitaji miwani ya kusomea kompyuta, na njia ya kupata miwani ni kuuza kompyuta. Dada yangu mkubwa, ninayeishi naye, kaniuliza hiyo miwani nitasomea nini. Maswali mengine ni uchokozi.

Sababu ya Fundi si ya kuchekea. Mkewe, shemeji yangu, hajatoka kitandani tangu mwezi wa pili. Wajukuu wako ng'ambo. Simu ya Fundi kioo kimepasuka, mama wa watu anaona pua tu. Anataka awaone wazima wazima. Jumapili kompyuta itawekwa kando ya kitanda chake, juu ya kigoda.

Nikasema hewala. Fundi alipotoka ndipo nikakumbuka kilichomo ndani.

Niandike polepole. Nilikuwa tarishi, miaka ishirini na tisa ofisi moja. Shule niliishia darasa la sita. Taipu nilijifunza kwa kuwachungulia makarani. Nilipostaafu nikawa mwandishi wa wasifu wa marehemu. Mtu akifa mtaani, wafiwa wanakuja kwangu, naandika alizaliwa lini, alifanya nini, alipendwa vipi. Shida yao ni haraka. Wanataka karatasi ndani ya saa mbili, wanalia, tarehe hawazikumbuki. Basi nikabuni mbinu. Nikaanza kuwaandika watu kabla. Wamefika tisa. Wote wazima, wanatembea, wanadai salamu. Nimeacha nafasi ya tarehe tu. Folda nimeiita "Marehemu Watarajiwa".

Wa kwanza ni Fundi. Wa pili ni shemeji.

Lakini alikuwa mzima nilipomwandika! Alikuwa anabeba ndoo mbili kwa mpigo!

Jumanne, tarehe 5

Nimefuta. Kazi ya dakika tano. Mafaili yote tisa nimeyaburuta mpaka kwenye kile kikapu cha taka kilichochorwa kwenye kona, kisha nikakimwaga. Mashine ikaniuliza kama nina uhakika. Nikaijibu kwa sauti kwamba sijawahi kuwa na uhakika namna hii tangu siku niliyooa.

Nikaenda kujigamba kwa Mama Simu, anayetengeneza simu na kompyuta kwenye kibanda kilichopakana na duka la dawa. Kosa. Hata hakuinua uso. Alisema mzee wangu, hujafuta kitu. Umeng'oa kibao cha mlangoni, nyumba bado ipo na watu wamo ndani. Mpaka ijengwe nyumba nyingine juu yake, mwenye ujuzi anaingia na kuwakuta wote wamekaa sebuleni.

Nikamwambia anaringa. Akaniambia niilete. Nikaileta. Dakika kumi na saba! Wote tisa wakarudi, wamejipanga kwa alfabeti. Sijaona ufufuo wa haraka namna ile.

Akataka kufungua faili moja ili athibitishe. Nikakifunga kifuniko kwa kishindo, nusura nimkate kidole. Yeye mwenyewe ni wa saba.

Alisema anayo programu inayoandika juu ya kila kitu, isibaki hata alama. Nikamshukuru kwa heshima. Kama kazi ni kujenga, nitajijengea mwenyewe.

Jumatano, tarehe 6

Kabla ya ujenzi, nakala. Ofisini kwetu ilikuwa sheria: haichanwi karatasi ambayo nakala yake haimo kwenye jalada. Na watu hawa siku yao itafika, nisije nikaanza upya.

Nikaenda na flashi kwenye duka la kuprinti. Nilisimama nimeikumbatia printa kama mtu anayeota moto, mwenye duka asione. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo.

Nyumbani nikatia kila wasifu kwenye bahasha yake ya kaki. Ili nisichanganye, nikaandika juu jina la mhusika, na mtaa, na namba ya nyumba, kwa mwandiko wangu wa kazini. Mkono wa tarishi haujui kuandika jina tupu. Nikazipanga mezani, kubwa nyuma, ndogo mbele. Zilipendeza. Nilizitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Wasifu wa marehemu mke wangu pia umo kwenye mashine. Huo ndio niliouandika wa kwanza, kabla haijawa kazi. Huo sikuutolea nakala. Ninao kichwani wote, mpaka nukta.

Alhamisi, tarehe 7

Ujenzi. Nikafuta tena, nikamwaga tena. Sasa kuijaza mashine. Video ninayo moja tu: siku niliyoagwa kazini, dakika arobaini, meneja anahutubia na kukosea jina langu mara tatu. Nikaikopi. Nikaikopi tena. Kufika adhuhuri meneja alikuwa ananiaga mara sitini na mbili. Mashine ikaanza kuvuma kama birika. Ikawa ya moto, nikaipepea kwa gazeti. Ikaganda. Kioo chote kikawa buluu na maandishi ya kulaumu.

Fundi akapita dirishani. Nikaitupia kanga ya dada, nikakaa mbele yake. Nilijiandaa kwa matusi, maana kila siku hunisalimu kwa kuuliza kama suruali yangu nimerithi au nimeokota. Leo hakuuliza. Alisema shemeji yako hakula. Alisema ameuliza mara mbili Jumapili ni lini. Kisha akaenda zake.

Fundi asiponitania nasikia baridi.

Ijumaa, tarehe 8

Nimesalimu amri. Nimeipeleka mashine kwa Mama Simu, nikamwomba afute kila kitu bila kuangalia. Akasema hakuna cha kuangalia, mzee, ni asilimia tu. Akaniwekea kiti.

Mstari mwembamba ulianza kutambaa kutoka kushoto. Alinieleza kwamba mashine inaandika sifuri juu ya kila kitu, kuanzia mwanzo wa diski mpaka mwisho wake. Alisema mara moja inatosha. Nikataka mara tatu. Alisema sawa, lakini chakula cha mchana ni juu yangu.

Nilikaa pale tangu asubuhi hadi saa kumi. Asilimia kumi, nikamwaza Muuza Mkaa, mmoja wa wale tisa. Asilimia thelathini, Mwalimu Mstaafu. Kufika hamsini nikakumbuka kwamba mke wangu naye yumo humo, na kwamba sasa hivi huenda ndiyo zamu yake. Nikajikuta nimevua kofia. Mama Simu akapunguza redio.

Kisha akaweka mfumo mpya. Mashine imekuwa safi kama sahani ya mgeni. Nikarudi natembea katikati ya barabara.

Meza tupu.

Dada alikuwa anamenya viazi. Akasema nimekupelekea barua zako. Alikuwa anaenda sokoni, akaona bahasha zimeandikwa majina na namba za nyumba, zimelala siku mbili. Akadhani nimeanza kusahau. Akanionea huruma! Nane kazigawa: saba mkononi mwa wenyewe, ya Mama Simu kaisukumia chini ya mlango wa nyumba yake, hakuacha hata moja kwa jirani. Ya tisa ilikuwa yake. Kaisoma pale pale njiani.

Hakukasirika kwa kuwa nimemuua. Kakasirika kwa kuwa nimemuua kwa nusu ukurasa. Muuza Mkaa kafungua ya kwake mbele yake, kurasa mbili! Sisi tumelala tumbo moja, akasema, na huyo mtu anakupunja mkaa.

Jumamosi, tarehe 9

Muuza Mkaa alifika kabla sijanawa uso. Watoto wake ni saba, si sita, na kama sikujua nilipaswa kuuliza. Mwalimu Mstaafu kanirudishia wasifu wake umesahihishwa kwa kalamu nyekundu: kumi na moja kwa ishirini, "mwandishi anarukaruka". Mama Simu katuma ujumbe: "Mzee, mimi si mkali. Rudia." Wengine wananipita njiani wakijishika kifua kuhakikisha bado kinadunda.

Hayo nayaweza. Saa tano akaja Fundi.

Hakukaa. Alisimama mlangoni, futi shingoni, chaki sikioni. Nilitarajia makelele. Aliongea kwa sauti ya chini kama mtu anayepima kitambaa cha mwisho. Alisema wasifu wake si kitu, nimemwita mchoyo na ni kweli ni mchoyo. Lakini mke wake anakunywa uji kwa kijiko, anahesabu siku aone wajukuu, nami nimeshamzika kurasa mbili na nusu na kuacha nafasi ya tarehe. Ile nafasi, alisema. Akarudia. Ile nafasi.

Akasema mashine yangu haitavuka kizingiti chake. Wajukuu atawaona kwa pua, inatosha. Akaondoka.

Nilikuwa na jibu. Lilihusu haraka ya wafiwa na tarehe wanazosahau. Nilikuwa nimelipanga vizuri. Limenikaa mdomoni mpaka sasa hivi.

Mashine iko mezani, safi, haina mtu.

Jumapili, tarehe 10

Dada kasema shemeji ananiita, na kwamba nisipoenda atanibeba.

Fundi alinifungulia bila salamu, akarudi kukaa kwenye cherehani yake, nyuma ya pazia. Haikusikika kushona. Shemeji alikuwa ameegemea mito mitatu, mdogo kuliko nilivyomwacha. Karatasi zangu zilikuwa chini ya mto. Aliniambia shemeji kaa, usisimame kama askari wa zamu. Kisha akaniambia nimsomee.

Nikasema haiwezekani. Akasema alishasoma kimoyomoyo mara nne, sasa anataka kusikia utakavyosikika siku hiyo, maana siku hiyo yeye hatasikia.

Nikasoma. Alizaliwa. Aliolewa. Nikafika penye "alikuwa mvumilivu kwa mumewe". Akainua kidole. Hapo ndipo, alisema, hapo umenisingizia. Alifunga mzigo mara mbili amwache, mara ya pili alifika hadi kituoni, akarudi kwa sababu alisahau mkasi wake mzuri. Hilo niliandike.

Kutoka nyuma ya pazia Fundi akauliza mara ngapi? Akajibiwa mara mbili, na sanduku lilikuwa lako. Halafu kikasikika kicheko, kibovu, kama cherehani isiyotiwa mafuta, na kilipoisha hakikuisha vizuri.

Nikaendelea. Nilikuwa nimeandika kwamba kila shati lililotoka kwenye nyumba ile, vifungo alivishona yeye kwa mkono, na kwamba mtaa mzima tunafunga vifua vyetu kwa uzi wake bila kujua. Hapo hakusahihisha. Alisema rudia. Nikarudia. Alifumba macho akasema hapo pako sawa.

Kisha akaita kwa sauti ambayo sikujua kama bado anayo. Alimwambia mumewe aende akalete hiyo kompyuta, hasira zake atazimalizia baadaye, muda anao yeye.

Fundi alienda mwenyewe. Aliibeba kwa mikono miwili, kwenye kitambaa cha suti.

Wajukuu wakatokea. Wazima wazima, hadi magoti! Shemeji hakulia. Alimwambia wa katikati ageuke. Akageuka. Akasema pindo la sketi hiyo limeshonwa na mtu mvivu. Wote kule wakacheka, na Fundi huku akacheka, nami nikatoka nje kwa kisingizio cha kutema mate.

Mlangoni Fundi kaniuliza suruali yangu nimerithi au nimeokota.

Jumatano, tarehe 13

Kazi mpya, na ya siri. Shemeji anataka wasifu mwingine, wa kuanza upya, kwa maneno yake mwenyewe. Ananitamkia, napiga taipu kwenye mashine ile ile pembeni ya kitanda, Fundi anapokwenda kupeleka nguo za wateja. Anachoka upesi. Jana mistari minne. Leo miwili. Yote ni maneno ya kumwambia Fundi, ambayo hataki ayasikie sasa. Akiyasikia sasa, alisema, atalegea, na nani atanigeuza ubavu? Kaniapisha. Niliapa kwa mkono wa kulia.

Nilimuuliza kuhusu ile nafasi ya tarehe, niiache au niiondoe. Akasema iache, shemeji. Hiyo si yako kuijaza.

Sikuweza kuandika zaidi leo. Nilijifanya mashine imegoma.

Lakini siri nimeitunza kitaalamu. Jana Fundi kaniomba nimfundishe kompyuta, anataka aache daftari na kuweka humo vipimo vya wateja wote. Tunaanza kesho asubuhi. Kwa hiyo ilibidi faili lile nilifiche leo leo. Pasiwedi sikuweka, nitaisahau. Nimelipa jina baridi, la kuchosha, jina ambalo halitamshtua mtu yeyote ndani ya nyumba ile, nikaliweka katikati kabisa ya kioo lisionekane kama linajificha.

Nimeliita "Vipimo vya Suruali".

Nani atalifungua?