Kiti cha Mtu Mmoja

Jumatatu, 4 Machi
Pikipiki ya magurudumu manne imefika bustani ya miche. Nyekundu! Itapandisha miche mlimani, na atakayefaulu mafunzo ndiye msimamizi wa shamba la juu. Nani kama si mimi? Miaka tisa nagawa majembe stoo! Mkufunzi, mama mfupi mwenye sauti ya honi, kauliza nani amewahi kuendesha. Nikanyoosha mkono. Uongo mtupu. Mpinzani ni mmoja tu, dada wa kumwagilia maji, tunayemwita Kimya. Kakiri hajui kitu. Maskini.

Jumanne, 5 Machi
Injini haijawashwa! Siku nzima ni kuvaa glavu na buti, kukagua matairi na breki. Kimya anaandika kila neno. Mimi nilivaa helmeti nyuma mbele. Mkufunzi kauliza huko nilikoendesha nilikuwa naona nini. Watu hoi kwa kicheko.

Jumatano, 6 Machi
Mteremko. Tuliambiwa tuegemee upande wa mlima. Nikaegemea bondeni. Mashine ikanilaza taratibu, kama mama anavyolaza mtoto, juu ya kitalu kizima cha misonobari. Kimya akaja kuninyanyua. Afadhali angecheka! Nyumbani nikasema mambo shwari. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea, akasema angefurahi kuniona nikiendesha. Nikamwambia aje kesho.

Alhamisi, 7 Machi
Naandika kwa aibu. Mchana, mkufunzi kaenda kula, ufunguo uko mezani. Kasema mara kumi kiti kile ni cha mtu mmoja. Nikamwambia mama mkwe mbona ni kirefu. Akakataa. Nikambembeleza. Akapanda, kashika mkanda wangu. Mkwe wangu! Mtu ambaye hata kumtazama usoni naona haya! Helmeti nimevaa mimi.

Kwenye tuta tuliruka. Nikaendelea kumsimulia habari za gia mpaka chini. Kugeuka, kiti kitupu. Alikuwa ndani ya shimo la mboji, kiatu kimoja, mkono umeteguka. Akaniomba nitazame pembeni. Kimya ndiye aliyemtoa na kumfunga mkono kwa mtandio wake. Mimi nilishika kiatu.

Ijumaa, 8 Machi
Kimya kapewa cheti na shamba la juu. Mimi stoo, na mashine nisiisogelee. Mkufunzi hakufoka. Kauliza tu, lau mama angeangukia jiwe, ningemwambia nini mke wangu. Nikaenda kulia nyuma ya magunia ya mbolea. Nyumbani, juzi nilikuwa baba watoto. Leo naitwa "wewe".

Jumamosi, 9 Machi
Mama mkwe kaniita sebuleni. Nikakaa sakafuni, macho kwenye zulia. Maneno ya kuomba radhi nilikuwa nayapanga tangu alfajiri, mazuri mno, yenye machozi katikati. Kabla sijafungua mdomo, akasema naye ana kosa: mtu mzima hapandi kitu kile bila kofia, tena kwa kubembelezwa. "Basi niwie radhi, mwanangu."

Nikainua macho hadi mkononi mwake. Bendeji ilikuwa nyeupe pe! Mke wangu kasimama mlangoni, anasubiri nitakachosema.

Nikamwambia, "Mama, yamekwisha. Nimekusamehe."