Kiumbe wa Angani Aliyenibeba Ni Mkwe Wangu

Nalongo Losira Nabawanuka,
Muuza ndizi za gonja za kuchoma,
Njia panda ya Nyendo, Masaka.

Kwa Mwongozaji Walugembe,
Studio ya Radi ya Mchana,
Nyuma ya mashine ya kusaga mahindi, Nyendo.

Ndugu Mwongozaji,

YAH: OMBI LA KUTHIBITISHIWA KWA MAANDISHI KWAMBA KIUMBE ALIYENIBEBA ALITOKA ANGANI KWELI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na kamera yako. Natumaini pia chombo cha wavamizi kimesharudishwa kwa mwenyewe, maana ni tangi la maji la jirani yangu Kibirango, na mvua zimeanza huku yeye anakinga maji kwa masufuria.

Mimi ndiye yule mama ambaye katika filamu yako, Wageni Wasiobisha Hodi, anatekwa na mkuu wa viumbe wa angani akiwa anachoma gonja. Mwishoni, majina yalipopita, niliona umeniandika “Mama Mnene”. Hilo nimekusamehe. Mwanamke aliyezaa mapacha mpaka akaitwa Nalongo, kisha akabaki mwembamba, anaficha jambo.

Filamu yenyewe sina ugomvi nayo. Nimeitazama kwenye kibanda cha video na nimecheka mpaka nikaombwa nitoke nje nipumue. Nilifurahi kwamba safari hii wavamizi wameshuka Nyendo badala ya kwenda kuwasumbua Wazungu kila siku. Nilifurahi zaidi kwamba jeshi letu liliwashinda kwa kuwamwagia mchuzi wa karanga wa moto. Lakini ndani ya lile vazi la mkuu wa wavamizi, lenye magunia ya rangi ya kijani na helmeti ya bodaboda iliyowekwa masikio ya sufuria, alikuwemo Godfrey Ssekitoleko. Huyo ndiye kijana atakayekuja kwangu kutambulishwa, amwoe binti yangu Restetuta. Kwa hiyo nina malalamiko, nayo ni haya.

1. Hukuniambia nani yumo ndani. Wewe ni Muganda mwenzangu, umezaliwa hapa hapa, sina haja ya kukufundisha kwamba mwanamume hamgusi mama mkwe wake. Akimwona njiani hupinda kona. Marehemu mume wangu aliwahi kuruka ndani ya mtaro wenye maji machafu ili asikutane na mama yangu kwenye daraja, na mama alimsifu kwa hilo mpaka anaingia kaburini. Wewe ulinikalisha mbele ya jiko langu ukasema, “Nyabo, wewe piga kelele tu, mengine niachie.” Nikapiga kelele. Kiumbe akaja, akanitupa begani kama gunia la mkaa, akakimbia nami kupitia migombani. Ukasema turudie kwa sababu kuku amekatiza. Akanibeba tena. Ukasema turudie kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nacheka, na nilikuwa nacheka kwa sababu tangu niolewe sijawahi kubebwa. Akanibeba tena.

Kijana simlaumu. Kioo cha helmeti ulikipaka rangi, akawa haoni mbele, anaongozwa kwa filimbi kama ng’ombe wa maonyesho. Alipovua ili anywe maji, tukatazamana. Nilijua ni yeye, naye akajua ni mimi. Akairudisha helmeti kichwani, maji bado yako mdomoni, akatoroka. Nasikia amejificha kwa rafiki yake huko Kalungu na ukitaja jina langu anatoka kwa mlango wa nyuma.

2. Yule mnenaji wenu wa kibandani, Kasumba, anayesimama pembeni ya skrini na maikrofoni akiwaeleza watazamaji kinachotokea, alipofika mahali pangu hakutafsiri filamu. Alitafsiri maisha yangu. Alipaza sauti, “Jamani, muoneni mkwe huyo! Wenzake huleta mbuzi, yeye ameanza kwa kuondoka na mama!” Watu wakaanguka kwenye mabenchi. Tangu hapo sokoni hakuna amani. Wauza nyanya wananiuliza, “Nalongo, leo hupai?” Mwenye bucha ameniuliza nyama ya huko angani ni bei gani. Hata padre, nilipokwenda kuungama jambo lingine kabisa, alikohoa kwa namna nisiyoipenda.

3. Mikono inatetemeka. Unajua ugonjwa unaowapata wakwe waliogusana, sihitaji kuutaja. Nikigeuza gonja inaanguka motoni. Muuguzi wa zahanati amenishauri nipunguze chai. Chai nimeinywa kabla mama yake hajazaliwa na haikuwahi kunitetemesha, kwa hiyo chai haihusiki.

4. Hapa ndipo penye uchungu, Ndugu Mwongozaji, na naomba usome ukiwa umekaa. Federesi, dada wa marehemu mume wangu na shangazi wa Restetuta, ndiye mwenye kauli juu ya ndoa hii. Amesimama mbele ya wanawake wenzake akasema, “Mwanamume aliyembeba mama mkwe begani, mke atambeba wapi? Kichwani?” Kisha akasema kwanjula, yaani sherehe ya kumtambulisha kijana ukweni, haitafanyika. Mahema yameshakodiwa, gomesi la binti limeshonwa, ndugu wa Ssekitoleko wamekwisha kutafuta msemaji mwenye ulimi mtamu, na Federesi amesema haitafanyika. Restetuta hali. Jana nilimpakulia matoke akayatazama mpaka yakapoa. Binti yangu anampenda yule kijana, na mimi pia nampenda kwa ajili yake. Ni fundi wa pikipiki, hanywi, anamsikiliza mtu mpaka amalize kusema. Vijana wa namna hiyo hawashuki kila siku, hata kutoka angani.

Ndipo nikakaa nikafikiri, na fikra zangu zimefika mahali pazuri. Desturi yetu inakataza mkwe kumgusa mama mkwe. Haisemi lolote kuhusu kiumbe wa angani. Wazee wetu walikuwa na busara nyingi lakini hilo hawakuliona likija. Basi kama aliyenibeba alikuwa kiumbe kweli, hakuna mwiko uliovunjwa, mimi ni mateka wa vita tu, na mateka hana kosa. Ninachoomba ni barua yenye muhuri wa studio yako ikisema kwamba wakati wote wa kunibeba ndani ya vazi alikuwamo mvamizi halali, na kwamba Ssekitoleko aliingia humo baadaye, alipokuwa akitafuta maji.

5. Nilimpelekea Federesi hoja hiyo nikidhani nimemziba mdomo. Akaniuliza, “Kiumbe wa ukoo gani?” Filamu nzima hukutuambia. Wanashuka, wanachoma kituo cha polisi kwa macho, wanakula mbuzi, tairi na antena ya redio, na hakuna hata mmoja anayetaja jina la baba yake, babu yake, wala mwiko wa ukoo wao. Hata mwizi wa kuku akikamatwa hapa Nyendo huulizwa ni mtoto wa nani. Je, kama nao ni watu wa ukoo wa Mbega kama alivyokuwa marehemu mume wangu Kasujja? Si watakuwa ndugu zetu, na filamu yako ni ugomvi wa nyumbani? Naomba uongeze sehemu ambapo mkuu wao anataja ukoo. Kwa kukusaidia, nimetazama kwa makini nikagundua kwamba walikula kila kitu isipokuwa gonja zangu. Nilidhani ni dharau. Sasa naelewa kwamba ndizi ndiyo mwiko wao.

6. Ukishawapa ukoo, utaona mwenyewe kwamba uvamizi wote umekosewa na lazima upigwe upya. Watu wenye ukoo hawaingii kwa kuvunja paa. Wanakuja na msemaji, wamevaa kanzu juu ya hayo magunia, wamebeba vikapu, wanasimama langoni. Sisi wanadamu tunajifanya hatuwajui. Wasichana wanakataa kufungua mpaka wapewe chochote. Msemaji wao anasema wamepita njia ndefu wakitafuta ua walilosikia harufu yake wakiwa huko mbali, na wa kwetu anamjibu kwamba huku tunalima mihogo, maua hatuna. Wanaketi. Wanasimama. Wanaambiwa wamekaa vibaya, wanatozwa faini. Wanaulizwa dini. Nakuhakikishia dunia ingesalimika bila risasi hata moja, kwa maana hakuna mvamizi aliyewahi kufika mwisho wa kwanjula akabaki na nguvu za kupigana.

Na ule mchuzi wa karanga, tafadhali, uondolewe kabisa. Mkwe hamwagiwi mchuzi. Mkwe unampakulia, unafunika kwa jani la mgomba, unasogea pembeni.

7. Kwa hiyo, na hili nalisema nikijua uzito wake, wavamizi lazima washinde. Wapewe mke. Dunia na anga wawe wakwe, wagombane kama wakwe wengine wote, yaani kwa adabu na kwa miaka mingi. Najua wananchi watalalamika kwamba jeshi letu limeshindwa. Waambie jeshi halikushindwa, limealikwa kula.

Yakishafanyika hayo, Federesi hatakuwa na pa kushika. Ssekitoleko atakuwa mtu asiye na hatia, au kiumbe mwenye ukoo unaoeleweka, na kwa vyovyote binti yangu ataolewa. Lakini usipoyafanya, nitamleta Restetuta hapo studio akae mlangoni akilia, na utamrekodi wewe mwenyewe, maana analia kwa sauti inayosikika hadi barabara ya Kampala.

Naishia hapa, moto unaniita. Nisalimie mkeo na watoto, mpiga kamera, yule bwana aliyecheza Waziri wa Ulinzi akiwa amevaa ndala, maiti zote za mtaa wa juu, na Kasumba pia, ingawa yeye umsalimie kwa ukali.

Mimi mateka wako mtiifu,
Nalongo Losira Nabawanuka

N.B. Kabla sijafunga bahasha amepita mpiga kamera wako kununua gonja, akaniambia kwamba mnaanza sehemu ya pili, na kwamba yule mama aliyetekwa sasa ni malkia wa huko angani na anarudishwa nyumbani akiwa amebebwa kwa heshima. Nimekubali. Ila mbebaji asibadilishwe. Vijana wako wengine nimewatazama, wana mabega ya kuangusha watu. Federesi asikutishe: nimefikiri upya na kuona kwamba kwanjula haijafanyika, kijana hajatambulishwa kwangu, kwa hiyo Ssekitoleko bado si mkwe wa mtu, na hakuna mwiko wowote uliovunjwa. Federesi mwenyewe nimemweleza, naye akaomba apewe nafasi ya kuigiza adui katika hiyo sehemu ya pili. Sherehe iko palepale. Wewe fanya haraka tu, Ndugu Mwongozaji, tupige picha kabla ya siku hiyo. Akishatambulishwa nitakuwa mama mkwe wake, na hataruhusiwa kunishika hata siku atakayonikuta nimeanguka njiani.