Simu Nyepesi ya Bi Mwatum

Wakil wa Kikwajuni hakuwa mwizi. Mwizi hukimbia, na Wakil ana kitambi. Yeye akizungumza tu, na watu wakimpa vitu vyao kwa mikono miwili.

Siku ile pale Darajani alimwona Bi Mwatum, muuza viungo wa Kidichi, akiilaumu simu yake mpya ya bei kwamba imejaa, haipigi tena picha. Wakil akamwamkia shikamoo ya adabu, akamweleza kuwa siku hizi simu haibebi mzigo wake. Picha hukaa mtandaoni, kwenye makompyuta makubwa huko mbali, na hata kazi nzito hufanyika huko huko. Yote hayo, wallahi, ni kweli. Uongo ulianzia hapa: basi simu kubwa ya nini?

Akatoa kijisimu chepesi chenye ufa, akakiunganisha na akaunti ya bibi. Picha zake zote zikatokea humo. Bi Mwatum akastaajabu.

"Na hii kubwa?"

"Mzigo tu huo, mama. Nipe nkupunguzie."

Akapewa, na pakiti ya iliki juu yake.

Sasa Wakil naye alikuwa na lake. Alikuwa amepeleka posa kwa Nassra, binti wa Mzee Silima wa Malindi, na anampenda mpaka chakula hakimshuki, ingawa kitambi kilikataa kusadiki. Wakwe walitaka picha yake. Kamera ya Bi Mwatum ilikuwa nzuri mno, hakuwa na haraka ya kuisafisha simu na kuitoa akaunti ya bibi. Akavaa kanzu na kofia ya viua, akajipiga picha, nyuma yake kitandani rundo la simu za watu. Akaikata ikabaki sura tu, akaituma. Kisha kwa raha zake akajirikodi video ya kumchekesha rafiki yake Machano.

Ijumaa akaitwa aje mwenyewe kuchukua jibu. Si desturi hiyo, lakini Wakil akadhani ni mapenzi.

Ukumbini alimkuta Mzee Silima, na ubavuni pake Bi Mwatum. Kwetu posa haijibiwi mpaka mwanamme aulizwe habari zake mtaani, na kazi hiyo alipewa shangazi wa Nassra. Shangazi ndiye huyu, na kilichomshusha mjini siku ile ni hicho hicho.

"Simu yako haina mfano, mwanangu," alisema kwa shukrani ya dhati. "Nlijitayarisha kuizunguka Kikwajuni nzima nikuulizie. Sikugonga hata mlango mmoja. Umeniletea habari zako mwenyewe."

Akabonyeza. Ikatokea ile picha ya kanzu, nzima haijakatwa, na rundo la simu nyuma. Kisha sauti ya Wakil ikajaa ukumbi: "Machano, bibi wa Kidichi kanipa simu, na iliki juu!"

Nyuma ya pazia Nassra alicheka, na kicheko kile kilimuuma Wakil kuliko matusi. Jibu la posa halikuhitaji tena kusemwa. Mzee Silima alimwambia simu za watu zirudi kwa wenyewe kabla ya magharibi, na Wakil akakubali kuzirudisha zote, akaahidi na iliki. Aliomba kitu kimoja tu.

"Ifute hiyo video, mama. Nnakuomba."

Bi Mwatum akakigeuzageuza kile kijisimu, akamtazama kwa huruma ya kweli.

"Nifute wapi, mwanangu? Humu hamna kitu. Iko huko mbali, kama ulivyonambia."