Upindo wa Gauni la Bibi

Jumatatu, 3 Februari 1969. Bunda.
Mama kanichokoza tena. Kanijaribisha gauni la marehemu Bibi, poplini ya bluu, refu mpaka vifundoni! Eti kwa kuwa nimerithi jina lake, Ghati, Jumamosi tukimaliza matanga kule kwake Mwitongo lazima nilivae mbele ya ukoo, ndipo Bibi atulie. Nikamwambia mimi ni Jenoveva. Kasema nyamaza, Mama. Ananiitaga Mama tangu nizaliwe, kwa ajili ya hilo jina. Aibu!

Ila poplini ni nzuri. Jumapili alasiri kuna dansi Musoma, na Luhende, karani wa pamba, atakuwepo. Nalipandisha juu ya magoti! Mama kanitisha kwamba vijana wa chama wanakamata wenye nguo fupi. Hao wako Dar. Huku watafika lini?

Jumanne, 4 Februari.
Jana Mama alipokwenda shamba nikakunja upindo kwa cherehani. Leo asubuhi umefumuliwa na kushonwa upya, mrefu vilevile! Nikamvaa Mama. Akaapa kwa Bikira Maria hajaligusa. Kisha akautazama upindo, akakaa chini. Kasema mishono imelalia kushoto. Bibi alikuwaga anashona kwa mkono wa kushoto.

Nikamwambia anajua kuigiza, angefaa redioni.

Jumatano, 5 Februari.
Mkasi! Nimekata kipande chote cha chini, nikampa jirani yetu Bhoke amfungie mtoto. Kilichokatwa hakikunjuki tena. Akili hizi nimezitoa kwa baba.

Alhamisi, 6 Februari.
Kipande kimerudi! Kimeshonwa mahali pake, mishono imelalia kushoto. Nikatoka mbio kumgombeza Bhoke kwa kula njama na Mama. Akanishangaa. Kasema nilikwenda mwenyewe alfajiri, nikakiomba kwa upole, nikamwita mjukuu wangu, nikamsifu mtoto wake, tena nikamkanya juu ya sketi yake ya kubana.

Uongo mtupu! Mimi simsifugi mtoto wa mtu.

Lakini vidole vya mkono wa kulia vinaniuma. Vimejaa matundu ya sindano, kama vya mtu aliyeshika kitambaa kwa kulia na kushona kwa kushoto. Nimeogopa, sitaki kujidanganya.

Jumamosi, 8 Februari. Mwitongo.
Nimeshindwa kukata. Kila nikishika mkasi, mkono wa kushoto unauweka chini, taratibu, kama unamnyang'anya mtoto. Nikalivaa hivyohivyo. Nikatoka uani. Mjomba Burito akavua kofia. Mama akapiga magoti mbele yangu, akalia, akaomba msamaha kwa magauni yote aliyoyapunguza kwa siri wakati wa usichana wake. Kumbe na yeye!

Nikamwambia nimekusamehe. Akanishukuru, akanibusu mikono.

Ndipo akili ikafunguka. Leo Mama ananitii! Kesho nitasema kama Bibi, nimwamuru akate gauni mwenyewe na kuniruhusu dansi. Nimecheka peke yangu.

Jumapili, 9 Februari. Mwitongo.
Baada ya misa nikamwita Mama kwa jina lake, Wankyo, njoo na mkasi. Akaja mbio. Nikafungua mdomo niseme kata. Ikatoka sauti nzito, ya kikohozi, si yangu kabisa. Ikamwambia sketi yake hiyo ni fupi, ashushe upindo, na dansi ni la wahuni, aende akanikorogee uji. Nilijaribu kufunga mdomo. Haukufungika mpaka umemaliza.

Mama akasema ndiyo, Mama. Akaenda kushusha upindo wa sketi yake huku machozi yanamtoka na anatabasamu. Sijawahi kumwona na furaha hivyo. Uji ulipokuja nikaunywa wote, wa ulezi, nami ulezi siupendi.

Dansi limenipita. Luhende atakuwa anacheza na Robi, yule wa Guta mwenye meno.

Nimefikiri sana. Kosa ni moja tu: nimemtumia mtu asiye sahihi. Marehemu Babu alipendaga dansi kuliko kula, na Bibi alikuwaga anamwogopa. Koti lake bado limetundikwa chumbani. Kesho nalivaa.