Bendi ya Yowe na Ng'ombe wa Mzee Mnada

Ungepita Bomani, mjini Tarime, Jumanne ile saa za kahawa, ungedhani kuna kesi ya mpaka wa shamba. Pale kwenye benchi la Domitila muuza kahawa, wanaume wawili walikuwa wameinamia simu moja, na wa tatu amesimama pembeni, kawapa mgongo, mikono kiunoni.

Huyo wa tatu ni Mzee Nyangwine, dalali wa ng'ombe, ndiyo maana kijiweni anaitwa Mnada. Simu ni ya Ngeleja, kijana wa Geita aliyefuata dhahabu huku, dhahabu ikamkimbia, naye akabaki anaisubiri irudi, wanamwita Mgodi. Aliyebaki ni Tomaso, aliyegombea udiwani akaanguka, lakini cheo hakukiacha. Mpaka leo ni Diwani, na kama wanasiasa wengi anakubaliana na mtu wa mwisho kuongea.

Habari yenyewe ilikuwa kwamba Bendi ya Yowe itapiga uwanjani Jumamosi. Vijana hao wametokea machimboni, na wana gitaa, ngoma na litungu, lile zeze kubwa la kienyeji, kama wengine. Shida ni mwimbaji. Mwimbaji haimbi. Anapiga yowe, lilelile la kuita watu ng'ombe wakiibwa, toka wimbo unaanza mpaka unaisha, na kiitikio ni yowe la watu watatu kwa pamoja.

"Huo si wimbo," Mnada alisema bila kugeuka. "Yowe nimelikuta lina kazi moja. Likipigwa unaacha ugali, unashika upinde, unakimbia. Leo linapigwa, watu wanatingisha mabega."

"Mzee wangu, ndiyo staili yenyewe," Mgodi akajibu. "Sauti nyororo zimejaa redioni mpaka zinatia usingizi. Hii inakuamsha."

"Nani kakwambia nimelala?"

Mgodi akakiri kwamba hata yeye bendi ile haikumwingia siku moja. Mara ya kwanza alitaka kuitupa simu. Mara ya pili akasema, hebu kwanza. Mara ya tatu alikuwa anaoga, akajikuta anaitikia kwa sauti yote.

"Na majirani?" Domitila aliuliza huku anasuuza vikombe.

"Walikuja na mapanga. Nikatoka na povu kichwani kuomba radhi."

Diwani akacheka mpaka akamwaga kahawa, akasema kweli hii bendi ni noma. Mnada akamtazama, na Diwani akaongeza haraka kwamba lakini mila nazo ni mila.

Domitila ana ulimi, na siku hiyo hakuuweka mfukoni. Akasema Mzee Mnada ana kinyongo chake binafsi. Siku ile vijana wanafanya mazoezi kwa mara ya kwanza kule karibu na mnadani, nani alitokea mbio na upinde, amejifunga kitenge cha mkewe, mama Nelson, kile chenye picha za majogoo?

Ilikuwa kweli, na iliuma. Mzee alikuwa ametoka tu kuoga alipolisikia yowe, akashika kilichokuwa karibu. Alipofika, badala ya mwizi akamkuta mpiga gitaa, na mshale umeshamwelekea. Vijana wakadhani ni shabiki aliyejiandaa, wakampigia makofi. Alirudi nyumbani kwa njia ya vichakani, amejishikilia majogoo yake, huku anaapa kwamba bendi ile na yeye ni paka na panya.

"Chekeni tu, mura," alisema sasa, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Zizi langu limebaki na ng'ombe mmoja, Sirari. Wenzake wameenda kwenye mahari ya mwanangu Nelson, na yeye ndiye wa kumalizia. Wakwe wanamsubiri. Siku akiibwa nikapiga yowe, nani atakuja? Mtasema Mnada anafanya shoo."

Hapo Domitila aliweka kikombe chini. Hata Mgodi alizima simu.

"Hilo ni la msingi," Diwani alisema.

"Na siku mtakayoniona kwenye shoo yao," Mnada akamalizia, "Domitila animwagie kahawa ya moto kichwani."

Domitila akasema amesikia, na birika analo.

Alhamisi mchana Mnada alirudi nyumbani akakuta kigingi kinamtazama. Kamba hakuna, Sirari hakuna. Aliona mahari inayeyuka, akaona Nelson anarudishwa kwao bila mke, akapanda juu ya kichuguu na kupiga yowe. Lilitoka tumboni, likapanda, likakatika, likapanda tena, na kuku wa mtaa mzima wakaingia ndani.

Watu walikuja. Tena hawajawahi kuja vile. Wa kwanza alikuwa Mgodi, mbio, simu iko juu inarekodi. Nyuma yake bodaboda, kina mama wa sokoni, mafundi cherehani, na Wegesa shemeji yake, ambaye hawakuwa wanasalimiana kwa sababu ya mpaka wa shamba la mahindi. Wegesa alifika mabega yameshaanza kutingishika.

"Ng'ombe wangu jamani," Mnada akalia.

"Ng'ombe wangu jamani," watu wakaitikia.

"Wamemwiba Sirari!"

"Sirari, Sirari!"

Mzee alitaka kulia machozi ya kweli. Kila alivyozidi kueleza, ndivyo walivyozidi kucheza. Akapiga yowe jingine kwa hasira, watu wakarusha kofia. Vumbi likatanda, njia zote zikajaa, hata mbuzi asingeweza kupita.

Na kweli hakuna aliyepita. Kwa kuwa alikuwa juu ya kichuguu, Mnada alimwona mwanamume mmoja mgeni katikati ya ule umati, anacheza kuliko wote, jasho linamtiririka, macho yanatafuta upenyo. Mkono wa kulia umeshika kamba, na mwisho wa kamba yuko Sirari, anacheua taratibu.

"Yule," Mnada akanyoosha kidole.

"Yule!" umati ukaitikia, ukanyoosha vidole.

Yule bwana akaachia kamba. Akacheza kinyumenyume, akacheza mpaka ukingoni mwa mahindi ya Wegesa, akacheza akaingia ndani, na huko hakutoka tena. Watu wakampigia makofi kwa staili yake ya kuondoka. Ni pale Mnada alipomkumbatia Sirari shingoni, chozi linamdondoka, ndipo akili ziliporudi, wakaingia mahindini kumsaka. Waliambulia kandambili moja.

Ijumaa kijiweni Mgodi aliweka simu mezani, video inacheza. Mnada aliiangalia akiwa amekaa, safari hii hakumpa mtu mgongo.

"Mzee, tuseme ukweli," Mgodi alianza. "Ng'ombe za jirani yetu Elia zilipoibwa, yowe lilipigwa la kawaida. Watu walikuja?"

Wote walikumbuka. Watu walichungulia madirishani, wakauliza kwanza ni za ukoo gani, wengine wakauliza kama Elia alichanga kwenye msiba wao. Mpaka majibu yapatikane, ng'ombe zilishavuka mpaka wa nchi zamani. Jana hakuna aliyeuliza ng'ombe wa nani. Hata Wegesa, mwenye kinyongo, alifika kabla vumbi halijatimka.

"Wamekuja kucheza, hawakuja kusaidia," Mnada alisema, lakini bila nguvu.

"Si wamefika?" Domitila akauliza.

"Hilo nalo ni la msingi," akasema Diwani.

Mnada akaivuta simu karibu. "Rudisha pale mwanzo." Ikarudishwa. Akasikiliza kichwa kimeinama. "Hapo nimevuta pumzi mapema. Rudisha tena. Unaona hapo? Hapo ndiyo penyewe. Sasa niwekee yule kijana wao." Akawekewa. Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Huyu anapiga yowe la mbuzi. La ng'ombe haliko kooni, liko huku chini. Nani ana namba yake?"

Jumamosi uwanja ulijaa mpaka juu ya miti. Bendi ilipanda, gitaa likaanza, litungu likafuata, na katikati ya vijana akatokea mzee amejifunga kitenge cha majogoo, safari hii kwa hiari yake. Alipiga yowe moja tu la kufungulia, na nyumba zote za jirani zikabaki tupu.

Domitila alipenya mpaka mbele, birika mkononi linatoa moshi, akampandia jukwaani.

"Mzee wangu, uliahidi mwenyewe. Inama nimwage."

Mnada akatoa kikombe kwenye mkunjo wa kitenge, akakikinga.

"Mwaga humu, mama," alisema. "Tia na tangawizi, koo limekauka."