Kompyuta Isiyowaka Ndani ya Stoo ya Ulezi

Zenon, mume wangu usiye na haya, tangu Pasaka ulipomla jogoo wangu hujaonekana tena. Nimekusubiri mpaka shingo imerefuka kama ya korongo. Huko Dar es Salaam wamekufunga kamba, au umepata bibi mwingine anayepika kunishinda? Kila mtu hapa Majengo ananiuliza, "Mjukuu wako yuko wapi?" nami nadanganya kwamba una kazi nyingi.

Basi sikusalimu. Kaa chini usome hotuba ya Bwana Dominiko, yule mratibu aliyekualika uwe mgeni rasmi. Alitutolea juzi, mlangoni pa stoo yangu. Maneno ni yake. Pale aliposahau kusema kweli, nimemsaidia.

*

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Maandalizi. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Kuiandaa Kamati hiyo. Paroko Msaidizi, ambaye ametuma udhuru. Mwakilishi wa wafanyabiashara, ambaye hakuweza kufunga duka lakini anatusikia kutoka pale mlangoni kwake. Wageni wetu wa Matai, ambao lori lao limekwama njiani. Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, vijana, mabibi na mabwana. (Wazee wanaitikia marahaba. Bibi Kalista, mwenye stoo, haitikii.)

Katika kipindi hiki cha mageuzi ya uchumi, soko huria na ushindani, ambapo kila mwananchi ni ruksa kujiletea maendeleo na ambapo dunia haimsubiri Mfipa amalize kupalilia, ofisi yangu, kwa kushirikiana kwa karibu sana na ofisi yangu, ilibuni Mradi Shirikishi wa Tekinolojia ya Kasi, ambao mnakumbuka ulizinduliwa kwa kishindo siku ya Pasaka na kijana wetu, Ndugu Zenon, aliyekata utepe, akala, akapanda gari. (Makofi. Stefania, jirani: "Akala sana!")

Tangu siku hiyo utekelezaji umefikia asilimia tisini na nane. Asilimia mbili zilizobaki ni kuwaka. (Kicheko. Mratibu anadhani ni furaha.)

Wapo watu wachache, siwataji, Bibi Kalista, wanaosema kompyuta hii ni mbovu. Ndugu wananchi, hii ni mashine kuukuu iliyokuwa na mwendo wa konokono, ambayo imefungiwa kadi yenye prosesa mpya, kwa lugha ya kitaalamu akselereta, kadi inayomfanya ng'ombe mzee akimbie kama pikipiki. Tunapobonyeza swichi inatoa mwanga wa kijivu, inafikiri, inakuwa nyeusi, kisha inaanza upya tangu mwanzo, na hivyo hivyo mchana kutwa. Ofisi yangu inaliona jambo hilo kuwa ni uendelevu. (Mzee Adolfu, fundi wa baiskeli: "Hata gurudumu likining'inia linazunguka, lakini hufiki popote!")

Kwa kuwa mimi ni kiongozi msikivu, na hili nalisema bila kujisifu ingawa ningeweza, nilimwita fundi Flavian kutoka Mbeya kufanya tathmini shirikishi. Fundi alibana vitufe viwili vya mausi wakati wa kuwasha, mashine ikaziruka amri zake za kuanzia, ikaamka, ikatulia kama ng'ombe anayekamuliwa. Akatamka kwamba kadi ni nzima. Tatizo ni diski ya kuwashia. Diski tuliyonayo ni ya zamani, haina laibrari ya prosesa mpya, yaani lile faili dogo linaloifundisha mashine namna ya kuishi na prosesa hiyo. Mashine ikifika kwenye amri ya kulitafuta inalikosa, inachanganyikiwa, inaanza upya. Akashauri ama tuitafute diski iliyokuja pamoja na kadi, ama tuing'oe kadi, mashine irudie prosesa yake ya zamani, ifanye kazi polepole.

Nikamwuliza, "Fundi, unataka niwaambie wakubwa kwamba Mradi wa Kasi unakwenda polepole?"

Akasema, "Bwana mkubwa, angalau utakwenda. Sasa hivi umesimama."

Nikamweleza, kwa upole wangu unaojulikana mkoa mzima, kwamba kusimama kwa kasi ni bora kuliko kutembea kizamani. (Fundi Flavian anakusanya bisibisi zake.)

Kuhusu diski, ofisi yangu inakanusha vikali uvumi kwamba ilipotea. Diski ilitumika. Kwa desturi yetu mgeni rasmi haondoki mikono mitupu, na siku ile, jogoo akiwa mezani na debe la maharage likiwa tayari kwenye buti ya gari, niliona zawadi hizo hazina hadhi ya kitekinolojia. Nikachagua diski iliyopendeza kuliko zote, ile ya buluu, nikaifunga utepe, nikamkabidhi Ndugu Zenon iwe kumbukumbu. Mlipiga vigelegele, mashahidi ni ninyi wenyewe. (Bibi Kalista: "Mimi vigelegele vyangu nilimpigia jogoo!")

Sasa ufunguo wa stoo hii, ambao ofisi yangu inautunza. Bibi Kalista analalamika kwamba ulezi wake wote umelala uani chini ya nyasi, kwamba mawingu yamesimama upande wa Matai, kwamba mvua ya kwanza ikiukuta nje utaota, na nyumba hii itakosa uji na mbegu mpaka mavuno mengine. Ofisi inasikitika pamoja naye. Lakini utaratibu ni utaratibu: stoo haiwezi kurudishwa kabla kompyuta haijakabidhiwa, kompyuta haiwezi kukabidhiwa kabla haijawaka, haiwezi kuwaka bila diski, na zawadi ya mgeni rasmi hairudishwi.

(Bibi Kalista anasimama: "Dominiko mwanangu, mimi ndiye niliyemkanda mama yako siku alipokuzaa. Ulikuwa mwekundu, unapiga kelele, huna unachosema. Naona umekua tu. Mvua haingoji kamati. Nipe ufunguo!" Makofi kuliko yote ya siku hiyo.)

Nashukuru kwa makofi hayo.

Naahidi kwamba mwakani kila kaya, kuanzia hapa mpaka Kaoze, itapata akselereta yake, na zitakazobaki tutawafungia ng'ombe wa wafugaji ili wawahi mnadani. Kasi! (Stefania: "Ya kwenda wapi?") Tekinolojia! (Mzee Adolfu: "Fungua mlango!") Ufipa mbele! (Vijana: "Ulezi ndani!")

Mwisho kabisa, namshukuru Bibi Kalista, mwenye stoo hii, mwenye kufuli hili nililoliazima kwake, na mwenye kompyuta hii aliyoachiwa na padri mgeni alipokuwa akirudi kwao. Kwani bila yeye Mradi huu, ambao haumo katika mpango wowote wa wilaya wala wa mkoa, na ambao niliutunga juu ya baiskeli siku niliposikia kwamba mjukuu wake ni mkubwa Dar es Salaam na huenda akanitafutia uhamisho, usingepata mahali pa kutokuwepo. Asanteni kwa kunisikiliza.

*

Umeona, mume wangu? Uhamisho huo anaoutaka kwako ndio unaolala stooni kwangu, na ulezi unalala nje.

Sasa usiniandikie pole, pole haipikiki. Ukija tena, na uje kabla ya mvua, njoo na diski ile ya buluu. Najua umeisahau, tazama chini ya vikombe vya chai ofisini kwako. Ukiikosa usijifiche kwa aibu, njoo na msumeno wa chuma, maana kufuli ni langu mimi na sihitaji kikao kulikata. Na uje na nguo za kazi. Jogoo mwingine yupo, lakini hachinjwi mpaka gunia la mwisho liwe ndani.