Ombi la Kutafutwa kwa Vigezo Saba

Kwa Mkuu wa Utumishi,

Heshima yako, mkuu. Mimi ni dobi wa hospitali yako. Nina miaka ishirini na tatu nafua mashuka na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja, lakini safari hii yamenifika shingoni.

1. Niliomba likizo ya wiki mbili nimwoze binti yangu Jumamosi hii. Ukakubali. Jedwali lako la kompyuta likampa likizo hiyo mlinzi wa geti la nyuma, kwa sababu majina yetu yote matatu yanafanana na yeye ameandikwa juu yangu kwenye orodha. Jedwali likishaona jina la kwanza linalofanana, linaridhika na kulala.

2. Mlinzi hakuomba likizo. Yuko kwake anapaka rangi banda la kuku. Sina ugomvi naye, ila anayeolewa ni mwanangu.

3. Mpwa wangu, karani wa jedwali, anasema kompyuta inaweza kutafuta mtu kwa vigezo viwili kwa pamoja, jina na idara. Viwili vya nini? Kesho mkiajiri dobi mwenye jina langu nimekwisha. Nataka saba: jina, idara, zamu, namba ya kiatu, kovu la pasi mkono wa kushoto, mwaka wa kuzaliwa (nimempa ule wa kweli kabisa), na jina la mama mkwe, ambaye namshukuru Mungu hana mfano wake.

4. Utaratibu huu uenee hospitali nzima. Mgonjwa asipewe kitanda, wala wewe usifunguliwe ofisi, mpaka vigezo vyote saba vikubaliane. Kimoja kikigoma, mtu huyo ahesabiwe hayupo.

Wasalimie wapishi, wauguzi, na yule daktari anayesahau kalamu kwenye koti. Mwambie wino umegoma kutoka.

Wako mtiifu,
Dobi (siyo mlinzi)

N.B. Mpwa wangu ameingiza vigezo vyote saba. Jedwali limejibu kwamba mtu huyo hayupo. Kumbe kwenye fomu ya ajira nilijipunguzia miaka sita, na kwa mwaka niliompa sasa nilipaswa kustaafu mwaka juzi. Naomba barua hii usiisome, na uendelee kunitafuta kwa jina tu. Likizo abaki nayo mlinzi. Nimempelekea koti langu la harusi, nimelipiga pasi mwenyewe huku roho inaniuma. Binti nimemweleza kwamba atakayesimama naye kama baba ana majina yote matatu yaliyo kwenye kadi ya mwaliko.